Mjusi Aliyekuja na Nguzo

Kaka yangu alishusha nguzo sita kutoka kwenye Fuso, akazilaza kando ya njia ya vumbi, akaniambia baba anasema nisizichimbie kina kifupi kwa sababu upepo wa huku haueleweki. Zilikuwa nguzo za mgunga kutoka kwenye ngitili yetu kule Didia. Ngitili ni eneo la malisho ambalo sisi Wasukuma hulifunga masika yote, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikaza pabaki na majani. Ukifunga eneo namna hiyo kwa miaka, miti nayo hurudi. Baba alikuwa amenichagulia migunga iliyonyooka, akaikata na kuipakia na magome yake, bila kuyaambua.

Nilikuwa nimehamia machimbo mapya upande wa Geita, nikapike. Watu walikuwa wamefurika kule kwa wingi baada ya kusikia dhahabu imeonekana, na kila penye watu wanaochimba pana njaa. Nilimkuta mwanamke mmoja akiuza uji, mwingine akiuza mihogo, nami nikaamua kupika chai, chapati, wali na maharage. Kilichonishangaza ni kwamba pale hapakuwa na mti hata mmoja. Miti yote ilikuwa imekatwa kukingia kuta za maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na iliyobaki ikawa kuni. Ndiyo maana nikamwomba baba nguzo.

Siku ya tatu baada ya kusimamisha kibanda nilikuwa nakanda unga, jua likiwa limekwisha kupanda, nikaona kitu kikisogea kwenye nguzo iliyo karibu na jiko. Nilitazama nikaona gome tupu. Nikaendelea kukanda. Kikasogea tena. Alikuwa mjusi, mdogo kama kidole changu cha kati, na nusu ya urefu huo ilikuwa mkia. Rangi yake ilikuwa rangi ya gome hasa, kijivu chenye vidoa, kiasi kwamba alipotulia jicho langu lilimpoteza nikiwa namtazama. Nilidhani ni mtoto wa mjusi kafiri, yule wa ukutani anayetoka taa zikiwashwa, na nilidhani anaumwa, maana mjusi kafiri mzima hatoki mchana.

Hakuwa anaumwa. Kesho yake alitoka tena jua lilipoigusa nguzo, akaota upande wa mashariki mpaka akapata joto, kisha akazunguka nguzo taratibu kadiri jua lilivyozunguka. Niliweza kujua saa kwa kumtazama. Sisimizi walipopanda nguzo kufuata sukari yangu, alikuwa akiwasubiri, kichwa chini, bila kutikisika. Sisimizi anakaribia, anakaribia, halafu hayupo. Sikuwahi kuona mdomo ukifunguka. Siku nyingine mteja alimwaga chai yenye sukari nyingi, ikatiririka kwenye mguu wa nguzo, na mjusi akashuka akailamba kama mtoto anavyolamba kijiko. Alipomaliza akajilamba na jicho. Hana kope yule. Ulimi ndio unaomsafishia macho.

Nilianza kumpenda hivyo, kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa kazini muda wote niliokuwa kazini, na kwa sababu pale pote alikuwa ndiye kiumbe pekee aliyetoka nyumbani.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwapo mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu. Alikuwa Mwislamu wa Shinyanga mjini, babu yake alitoka Pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka mimi naona haya kufungua mdomo. Kabla ya kuja Geita alikuwa amenunua almasi Maganzo miaka mingi. Alikuja kila asubuhi na kanzu safi, jambo ambalo kwenye vumbi lile lilikuwa ajabu, akakaa benchi la karibu na jiko, akanywa chai ya rangi na chapati mbili.

Asubuhi moja nilimwona akiinama polepole, akavua ndala moja, akanyanyuka bila sauti. Nilifuata macho yake. Mjusi alikuwa kwenye nguzo, usawa wa bega lake.

"Mzee, usimpige!" nilisema.

Nilichelewa. Ndala ilishatua. Mjusi alipotea juu, na kwenye meza, pembeni kabisa ya chapati ya mzee, ukaanguka mkia. Ulikuwa unacheza. Unajikunja, unajinyoosha, unaruka kama samaki aliyetolewa majini. Mzee aliruka nyuma, benchi likaanguka, na wachimbaji wawili waliokuwa wanakunywa uji wakacheka mpaka wakapaliwa.

"Huyu ni mjusi kafiri," mzee alisema, akijaribu kuirudisha heshima yake. "Tangu tukiwa chuoni, madrasa, tumefundishwa, ukimwona unamuua. Ana dhambi yake ya zamani."

"Shikamoo mzee," nilisema, maana katika fujo ile hata salamu nilikuwa sijampa.

"Marahaba."

"Mzee, mimi sibishani na mafundisho. Lakini kafiri ninayemjua mimi anaishi ukutani ndani ya nyumba na anatoka giza likiingia. Huyu mujusi anaishi mtini na anatoka mchana. Jua likizama anaingia ndani ya gome, humwoni mpaka kesho."

"Mujusi," alirudia, akitabasamu kwa ile u niliyoichomeka. Halafu tabasamu likakoma. "Anatoka mchana?"

"Mchana mtupu. Kila siku."

Alikaa chini, akautazama mkia. Ulikuwa umeanza kuchoka, unatikisika kwa vipindi. Mzee akaingiza mkono mfukoni akatoa lenzi, kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho wanunuzi wa mawe hukibana kwenye jicho. Akaushika mkia kwa kibanio chake, akaugeuza. Alitazama muda mrefu, chai ikapoa.

"Mama," aliniita, "njoo uone hapa."

Nilifuta mikono nikachukua lenzi. Mwanzoni niliona ukungu. Akanisogezea kiwiko, akaniambia nisogee mimi, si kioo. Ndipo nikaona. Chini ya ncha ya mkia kulikuwa na mistari ya ngozi iliyojipanga, midogo, myeupe, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo.

"Umeona vidole vya mjusi vinavyoshika ukuta?" mzee aliuliza. "Chini yake viko hivi hivi. Huyu anashika hata kwa mkia. Mkia wake ni mguu wa tano."

Alivikunja vile vitu vyake, na ule mkia akaufunga kwenye karatasi, mikunjo ile ile wanayofungia almasi, akautia mfukoni. Aliondoka bila kumaliza chapati ya pili.

Kwa siku mbili mjusi hakuonekana. Mzee alikuja, akatazama nguzo, akanitazama mimi, nikatikisa kichwa. Siku ya tatu nilikuwa nawasha moto nikamwona ametoa kichwa chini ya gome. Akatoka mwili wote, na pale mkia ulipokuwa palikuwa na kigutu chekundu.

"Mgonjwa wangu vipi?" mzee aliuliza alipofika. Tangu siku hiyo akawa anamwita hivyo.

Tulichokiona wiki zile sikuwahi kukiona maisha yangu yote kijijini. Mjusi yule asiye na mkia alikuwa anapanda vizuri, lakini akipita chini ya fito ya paa, tumbo juu, alianguka. Zamani hakuwahi kuanguka. Alianguka mara mbili mezani, mara moja ndani ya bakuli la unga, akatoka mweupe kama mwashi. Mzee alikuwa anasonya kwa uchungu kila mara. "Nimemlemaza," alikuwa akisema. Nilimwambia ngoja, mkia wa mjusi huota. "Mkia utaota," alinijibu, "lakini zile kurasa za chini?"

Mkia ukaota. Uliota mfupi, mnene, wa kijivu kisicho na vidoa, kama kiraka kilichoshonwa kwa kitambaa kingine. Mjusi akawa amekwisha kutuzoea kiasi kwamba mzee aliweza kusogeza uso karibu na nguzo bila yeye kukimbia. Asubuhi moja mjusi alikaa ukingoni mwa fito, ncha ya mkia ikining'inia. Mzee alibana lenzi kwenye jicho, akasogea kama mtu anayekaribia mtoto aliyelala. Alikaa hapo mpaka nikaogopa shingo yake itakakamaa.

"Subhanallah," alisema. "Zimerudi. Zote zimerudi, mstari kwa mstari."

Akakaa. Akasema kwamba maisha yake yote lenzi ile kazi yake imekuwa kutafuta kasoro. Jiwe likiletwa mbele yake, anatafuta ufa, doa, wingu ndani yake, ili aseme halifai. "Huyu nimemtafuta kasoro nikaikosa," alisema. Halafu akaomba chapati ya tatu.

Baada ya hapo tulijua mengi, kwa kuwa tulikuwa wawili wa kutazama, na wachimbaji nao walianza kutuletea habari. Tuligundua kwamba alikuwa na mwenzake, mwembamba kidogo, aliyekuwa anakaa juu karibu na paa. Kumbe nguzo ilikuja na wote wawili. Wa kwanza ndiye aliyekuwa dume. Kooni alikuwa na alama nyeusi zilizochorwa kama mshale juu ya mshale, na akitaka jambo alivimbisha koo hilo zikatokeza wazi. Jike alikuwa nazo pia, lakini zimefifia. Asubuhi ya baridi walikuwa weusi, wakipata joto wanapauka. Niliwahi kumkuta jike anajivua ngozi, na kila kipande kilichotoka alikimeza. Hakuna kilichopotea katika nyumba ile.

Mvua zilipoanza kuni zililowa zote. Nikiwa natafuta cha kuwashia moto, nikabandua kipande cha gome kwenye ile nguzo, bila kufikiri. Ndani yake kulikuwa na mayai mawili, meupe, kila moja kama njegere ndogo, yamegandana na yamegandia kwenye mti. Nilijaribu moja kwa ukucha, nikijua mayai ya mijusi huwa laini kama ngozi. Lilikuwa gumu kama yai la ndege.

Nilirudisha gome mahali pake nikalifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mzee alipofika nilimweleza, na kabla sijamaliza alikwisha kutoa lenzi. Nilikataa.

"Leo hapana, mzee. Tumeshafungua mara moja."

Alirudisha lenzi mfukoni kama mwanafunzi aliyekaripiwa.

Tulingoja. Sikudhani tungengoja muda mrefu hivyo. Kuku wangu huangua wiki tatu. Mayai yale yaliendelea kukaa wiki baada ya wiki, mvua kubwa ikapita, na jike hata siku moja hakwenda kuyatazama. Wachimbaji wakipanda kutoka kwenye duara, wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, swali lao la kwanza lilikuwa, "Mama, wamezaliwa?" Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ya radi, aliwahi kumfukuza mwenzake kwenye benchi kwa sababu ameegemea nguzo.

Yalipopasuka hatukuona. Nilifika asubuhi nikakuta kitu cheusi kwenye nguzo, kifupi kuliko njiti ya kiberiti, nikadhani ni siafu. Kilikuwa mjusi kamili. Kilikuwa na vidole vyote, na kimkia kilichoshika gome tayari, kana kwamba kilizaliwa na maelekezo yake. Nilipiga kelele wakaja watu kutoka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, wakifikiri nimeungua.

Furaha yangu ilidumu mpaka saa sita. Nilimwona dume ametulia, kichwa chini, akimtazama yule mtoto kama anavyotazama sisimizi. Akamrukia. Mtoto alichomoka, akaanguka chini, akakimbia mpaka nguzo ya pili.

"Baba gani huyu!" nilisema kwa hasira.

Mzee alicheka. "Kwake yeye hakuna mwana. Kuna mwenye nguzo na asiye na nguzo."

Mtoto yule aliishi nguzo ya pili, kisha ya tano, na huko akakua. Mwenzake hatukumwona kabisa. Sitaki kufikiri sana alikwenda wapi.

Machimbo hayakudumu. Mwamba uligeuka, dhahabu ikawa inatoka kidogo, halafu ikawa haitoki. Vibanda vikaanza kung'olewa kimoja baada ya kingine, na usiku mmoja ukipita unaamka unakuta jirani hayupo. Karasha ilinyamaza. Mzee alikuja kuniaga, akasema macho yake yamechoka na vumbi, anarudi kwake Shinyanga akapumzike. Aliniandikia namba ya simu kwenye kikaratasi. Alisimama mbele ya nguzo muda kidogo, akasema, "Haya, mgonjwa wangu," akaenda.

Mimi mdogo wangu aliniita Nkome, ziwani, ambako anakausha dagaa na kuwauza. Kaka alikuja na Fuso kunihamisha. Nilipomwambia tung'oe nguzo ya jikoni twende nayo, alinitazama kama nimepandwa na homa.

"Nkome nguzo zipo, dada."

"Hii ina mayai mengine."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Tuliing'oa wawili asubuhi na mapema, kabla mijusi hawajatoka kwenye gome, nikaifunga khanga kuanzia juu mpaka chini. Zile tano niliziacha. Tukiwa njiani kaka alisimamisha gari mara mbili bila kuombwa, akaenda nyuma kuangalia kama khanga imelegea.

Nyumbani kwa mdogo wangu uani pana mkuyu mkubwa. Niliichimbia nguzo hatua chache kutoka pale, nikafungua khanga, nikakaa kitako kusubiri. Dume alitoka, akaota jua, akazunguka nguzo yake kama kawaida. Nilishusha pumzi. Kesho yake nilipoamka nilikuta mijusi wawili kwenye nguzo wamesimama ubavu kwa ubavu, wamevimbisha makoo, migongo imeinuka. Mmoja alikuwa wangu. Wa pili alikuwa sawa naye kwa kila kitu, isipokuwa mkia wake ulikuwa mzima.

Alikuwa ametoka kwenye mkuyu.

Walipigana siku tatu, wanapumzika, wanarudi. Wangu alishindwa. Aliteremka nguzo, akakimbia mchangani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akapanda banda la kuhifadhia dagaa, akaweka makazi yake kwenye fito za paa. Nilimwonea huruma, lakini kilichonishika zaidi kilikuwa kingine. Nilikwenda kwenye mkuyu nikausogelea nikatulia. Nilihesabu saba. Nikaenda kwenye mjohoro wa jirani, wapo. Nguzo ya umeme ya mti, yupo mmoja. Mdogo wangu, aliyeishi hapo tangu aolewe, aliniuliza nawinda nini. Nilipomwonyesha alisema hajawahi kuwaona, na uso wake ulionyesha hasemi uongo.

Nilimpigia mzee.

"Mzee, shikamoo. Huku wamejaa. Mti mzima."

"Marahaba, binti yangu." Halafu nikasikia anacheka taratibu. "Nilikuwa naona haya kukupigia. Hata hapa kwangu wapo. Uani nina mjohoro alioupanda marehemu baba yangu. Juzi nimekaa chini yake na lenzi, nikawakuta. Nyumba hii nimezaliwa ndani yake, mama. Nimezaliwa humu!"

Tuliongea mpaka salio langu likaisha. Alinieleza kila mmoja wa mjohoro wake anakaa wapi na nani anamwogopa nani, nami nikamweleza vita vya mkuyu.

Mayai tuliyokuja nayo yalianguliwa. Nilikuta maganda, yana matundu safi, na sijui watoto walikwenda kwenye mti upi. Jike alihamia kwenye mkuyu bila ugomvi wowote. Dume nilikuwa namwona pale bandani kiangazi chote, halafu siku zikapita sikumwona, na mdogo wangu akasema viumbe wadogo hivyo huenda hawana umri mrefu. Huenda ni kweli.

Siku hizi nikianika dagaa asubuhi, upepo ukitoka ziwani huleta wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya maji kama moshi. Wanatua kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, kwenye ukuta mpaka unakuwa mweusi. Zamani watu walifunga milango. Mimi na mdogo wangu hutoa vigoda, tukajifunika khanga vichwani, tukakaa kuukabili mkuyu. Mijusi huteremka kutoka matawini, wakubwa na wadogo, kila mmoja anasimama mahali pake, na hula mpaka matumbo yanaonekana mviringo.

"Yule wa kushoto," mdogo wangu huninong'oneza, "mtazame yule wa kushoto."